Ufa Huanzia Kwenye Ngozi ya Chuma

Pongwe ni nchi ya mawe ya chokaa. Kando ya barabara ya Tanga kwenda Segera ndipo kilipo kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1980. Mahali penye kazi za namna hii, shafti ya pampu ikikatika watu huuliza: si tuliambiwa hiki ni chuma kisichoshika kutu? Lawama inamwendea muuzaji. Mimi ningeanza kwa kuutazama uso wa shafti yenyewe.

Chukua shafti inayovutwa na mkanda. Mkanda unaipinda kidogo sana, jicho halioni. Inapozunguka, kila sehemu ya ngozi yake inavutwa, inabanwa, kisha inavutwa tena. Kwa mwendo wa mizunguko 1,450 kwa dakika, hilo hutokea zaidi ya mara milioni 2 kwa siku. Katikati ya shafti mkazo wa kupinda ni sifuri. Hukua kuelekea nje na kufikia kilele kwenye ngozi. Kwa hiyo uchovu wa chuma, yaani kudhoofika kwa kuvutwa na kubanwa mara nyingi, huanzia hapo, na mkwaruzo wa juu juu si suala la urembo.

Mwaka 1913 mhandisi Mwingereza Charles Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba kina cha kasoro si kitu peke yake. Ukali wa ncha yake una uzito mkubwa. Tundu la duara kwenye bamba pana linalovutwa hukuza mkazo mara 3 ukingoni mwake. Lakini mkwaruzo wenye kina cha milimita 0.1 tu, ambao ncha yake ina nusu kipenyo cha milimita 0.01, kwa hesabu hiyo unapita mara 7. Katika kazi halisi madhara hupungua kiasi, kwa kuwa eneo linalobeba mkazo huo ni dogo mno. Hata hivyo, panatosha ufa kuanzia.

Upande unaoelekea mkwaruzo nao una maana. Unaofuata urefu wa shafti huumiza kidogo, maana mvutano wa kupinda unapita sambamba nao. Unaoizunguka shafti ndio adui. Sasa fikiria fundi anayemalizia kazi kwa msasa wa kukwaruza huku mashine ya kukereza ikizunguka: shafti inang'aa, mteja anafurahi, na mikwaruzo yote imekaa upande mbaya. Dakika chache za msasa laini kwa kufuata urefu zingeiongezea shafti hiyo maisha. Grinda ni mbaya zaidi ikikandamizwa hadi chuma kibadilike rangi, kwani joto lile huacha ngozi ikiwa imevutika hata kabla ya kazi kuanza.

Halafu kuna chumvi, na Tanga haiko mbali nayo. Chuma kisichoshika kutu hujilinda kwa utando mwembamba mno unaotokana na kromiamu, ambayo haipungui asilimia 10.5 ya chuma chote. Kloridi ya maji ya bahari hutoboa utando huo mahali padogo padogo na kuchimba vishimo, na vishimo hivyo ni vyanzo vya nyufa. Katika hewa kavu kuna kiwango cha mkazo ambacho chini yake shafti inaweza kuzunguka miaka na miaka. Ndani ya maji ya chumvi kinga hiyo huporomoka. Aina yenye molibdeni huvumilia zaidi, lakini haiponi kabisa. Nami nasikitika kuona saruji iliyogandia kwenye chuma hiki ikisafishwa kwa asidi ya hidrokloriki: hiyo ni kloridi unayoimwaga kwa mkono wako.

Shafti ikishakatika, usiitupe. Itazame pale ilipokatikia. Kwa kawaida utaona sehemu laini yenye mistari ya upinde, kama alama ambazo maji yanayokupwa huziacha kwenye mchanga, kisha sehemu yenye chenga ambapo chuma kilichobaki kilishindwa kwa mara moja. Fuata mistari hiyo kurudi nyuma inakobana. Hapo ukingoni, mara nyingi, utakuta alama ya kisu cha kukerezea, kishimo cha kutu au kona iliyoachwa kali pale shafti inapobadili unene. Shafti mpya ikikerezwa kwa kunakili ile ya zamani pamoja na kona hiyo, itakatikia palepale.