Vyungu vya Kale na Jinsi ya Kuvikusanya

Hapo zamani, katika nyumba za Ngara na Biharamulo, hapakuwa na mtumishi aliyefanya kazi nyingi kuliko chungu. Mtungi ulichukua maji kutoka kisimani na kuyaweka baridi. Chungu kilipika maharage. Mtungi mkubwa ulitunza pombe ya ndizi siku ya arusi. Hata kilipovunjika, kigae chake kilitumika kuombea moto kwa jirani. Siku hizi sufuria za bati na ndoo za plastiki zimeshika kazi hizo katika nyumba nyingi. Vyungu vya mabibi zetu vimesukumwa pembeni, na vingine vimetupwa jaani. Basi yafaa tujifunze kwa nini watu hukusanya vyombo vya udongo vya kale, na jinsi ya kuvikusanya kwa akili.

Desturi hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Katika nyumba za mawe za Lamu, kuta za ndani zina zidaka, yaani vijishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu. Humo wenyeji waliweka bakuli na sahani zilizoletwa na jahazi kutoka China na nchi nyingine. Na Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, bakuli za Kichina zilijengewa katika nguzo za makaburi, ziwe pambo na heshima ya marehemu.

Huko Japani aliishi mtu aitwaye Yanagi Soetsu. Yeye hakutafuta vyombo vya wafalme, bali vile vilivyofanywa na mafundi wa vijijini kwa kazi ya kila siku. Mwaka 1936 alifungua mjini Tokyo nyumba ya kuvihifadhi, nayo ipo hata leo. Katika nchi hiyo hiyo, mjini Kyoto, imo bakuli moja ya kahawia iliyofinyangwa Korea yapata miaka 400 na zaidi iliyopita. Husemwa kwamba ilikuwa bakuli ya watu maskini, ya kulia wali. Sasa ni miongoni mwa hazina za taifa la Japani. Jina lake ni Kizaemon. Je, Kizaemon ndiye aliyeifinyanga? La. Kizaemon alikuwa mfanya biashara aliyeimiliki. Jina la mwenye mali limedumu, bali jina la mfinyanzi limepotea, wala hapana awezaye kulirudisha.

Hapo ndipo penye somo letu. Chungu kilichohifadhiwa bila habari zake ni kama mgeni bubu: twaona uso wake, lakini hatujui atokako. Lakini chungu chenye habari zake hufundisha mambo makubwa. Tazama mifano hii miwili.

Kasisi mmoja Mwingereza, Walter Edwin Owen, aliishi Nyanza katika Kenya. Huko aliviangalia vigae vilivyofunuliwa na mvua katika makorongo, akaandika mahali vilipoonekana. Vyungu hivyo vilikuwa na midomo iliyochongwa vizuri na mistari iliyochorwa, na katika kitako cha vingi palikuwa na kibonyo, kana kwamba mfinyanzi alibonyeza kwa kidole. Mwaka 1948 habari zake zilichapishwa pamoja na kazi ya Mary Leakey na mumewe Louis Leakey. Leo vyungu vya namna hiyo huitwa vya Urewe, kwa jina la mahali hapo. Vigae vyake vimeonekana pia Uganda, Rwanda, Burundi na katika mkoa wetu wa Kagera. Kwa hivyo wataalamu walitambua kwamba wafinyanzi wa nchi hizi zote walishiriki ufundi mmoja tangu miaka 2,000 na zaidi.

Mfano wa pili ni wa Katuruka, karibu na Bukoba. Wazee wa hapo walisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na wafua chuma wake. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Peter Schmidt aliyasikiliza maneno yao, akachimba mahali walipomwonyesha. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000, pamoja na vigae vya Urewe. Wazee walijua mahali, na vigae vilionyesha zamani zake. Kimoja bila cha pili kisingalitosha.

Nanyi mwaweza kujifunza kusoma vigae. Kigae chenye mistari iliyochorwa kwa ncha, na mdomo uliochongwa, chaweza kuwa cha kale sana. Kigae chenye alama kama za kamba iliyosokotwa ni cha namna nyingine. Mfinyanzi alisokota majani au uzi, akauviringisha juu ya udongo kabla haujakauka. Pambo hili lilienea katika nchi za Maziwa Makuu kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, na wafinyanzi wengine hulitumia mpaka leo.

Sasa zishikeni kanuni hizi za kukusanya.

Kwanza, omba ruhusa. Chungu kina mwenyewe. Usikichukue kwa hila, wala usimdanganye mzee kwa bei ndogo. Kama hataki kukitoa, chora picha yake, nayo itatosha.

Pili, andika habari zake siku ile ile. Kinaitwaje kwa Kihangaza, Kishubi, Kisubi au Kizinza? Nani alikifinyanga? Udongo ulichimbwa bonde gani, ukachanganywa na nini usipasuke? Kilichomwa kwa kuni au kwa majani? Kilipika nini, na nani aliruhusiwa kukigusa? Tia namba ndogo katika kitako, na namba hiyo hiyo katika daftari.

Tatu, usisugue masizi wala ukoko wa ndani. Mpumbavu huona uchafu. Mtaalamu huweza kuupima akajua chakula kilichopikwa humo.

Nne, usichimbe. Ukiona vigae vingi shambani au katika korongo, viache mahali pake, ukamwarifu mwalimu na ofisi ya kijiji. Kigae kilichong'olewa ovyo ni kama ukurasa uliochanwa katika kitabu. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba vitu vya kale bila kibali.

Kanuni ya tano yapita zote: mheshimu mfinyanzi aliye hai. Katika Rwanda na Burundi, jirani zetu, wafinyanzi wengi walikuwa Watwa. Watu waliwadharau, huku wakila chakula kilichoiva katika vyungu vyao. Kisha sufuria na plastiki zikapunguza wanunuzi, na katika Rwanda mabonde mengi waliyochimbia udongo yakageuzwa mashamba. Mfinyanzi akikosa udongo na mnunuzi, mwanawe hajifunzi kazi. Na kazi isiyofundishwa kizazi kimoja haipatikani tena kwa urahisi.

Chungu chaweza kukaa ardhini miaka 2,000 na kungoja. Mzee hawezi kungoja hivyo. Basi ukiwa na siku moja tu ya kazi hii, usianze na jaa wala korongo. Nenda kwa bibi ajuaye kufinyanga, umwamkie kwa adabu, uketi, umwulize, na uandike jina lake juu ya ukurasa wa kwanza.