Kombe la Dunia la raga ya ligi: Kwa nini Ufaransa iliachia uenyeji?
Raga ya ligi ni ile ya wachezaji 13, siyo ya 15 wala ya saba tuliyozoea kuwaona Wakenya wakicheza. Kombe lake la Dunia limehangaika sana kupata mwenyeji. Mwaka 2016 Marekani na Canada zilitajwa kuandaa la 2025, lakini 2018 mpango ukafa. Ikaja Ufaransa, nayo Mei 2023 ikajitoa: serikali ilitaka uhakika kwamba mashindano hayataishia kwenye hasara, waandaaji wakashindwa kuutoa. Viwanja vizuri bila dhamana ya serikali ni kazi bure. Yakasogezwa hadi 2026, Australia, timu za wanaume zikipungua kutoka 16 hadi 10. Papua New Guinea nayo ikapewa mechi, na kule huu ndio mchezo wa taifa, siyo soka.