Tumbo Linaumwa, Mguu Unavimba

Anayeharisha damu, awe Tukuyu, Kiwira au Busokelo, kwa kawaida hutibiwa amiba kwanza, na si kosa kuanzia hapo. Lakini dozi zikiisha na damu bado inatoka huku miezi ikipita, lazima tuwaze kifua kikuu cha utumbo, na pia ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, ambapo kinga ya mwili huutia utumbo uvimbe na vidonda kwa miaka.

Crohn na kolaitisi haziishii tumboni. Yakichachamaa, chembe sahani na protini za kugandisha damu huongezeka. Mgonjwa naye ameishiwa maji na amelala tu. Hatari ya damu kuganda kwenye vena huwa mara mbili hadi tatu ya ile ya mtu asiye na ugonjwa, na wakati wa kuchachamaa hupanda zaidi. Mguu mmoja huvimba, kigimbi huuma na kupata joto. Donge likichomoka likafika mapafuni, pumzi hubana ghafla na mtu anaweza kufa.

Ndiyo maana aliyelazwa huchomwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, hata kama choo chake kina damu kidogo. Ndugu wa mgonjwa hushtuka, nami nawaelewa, ila nawasihi wasiizuie sindano hiyo: inaokoa maisha.

Neva nazo huumia. Nyayo zinakufa ganzi au zinawaka moto, na kwa baridi ya Rungwe ni rahisi kuilaumu hali ya hewa. Vitamini B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, mahali hasa Crohn inapopenda kushika. Wilaya yetu ina maziwa tele, lakini aliyeharibika sehemu hiyo anaweza kuyanywa kila siku na bado akapungukiwa. Anahitaji sindano za B12. Akipewa vidonge vya foliki peke yake, damu itaongezeka huku neva zikizidi kuharibika.

Chanzo kingine cha ganzi kiko kwenye duka la dawa. Metronidazo, yaani Flagyl, ikitumiwa kwa wiki nyingi au kurudiwarudiwa, huweza kuleta ganzi hiyo hiyo. Anayejinunulia kila mara kwa “amiba” isiyokwisha anaweza kuwa anaunguza neva zake bila kutibu tumbo.

Ukienda Makandana, Igogwe au hospitali ya rufaa Mbeya kwa ajili ya tumbo, mweleze daktari na habari za miguu yako. Mguu mmoja ukivimba ghafla, usiuchue. Wahi hospitali siku hiyo hiyo.