HESABU YA GHALA NA SANDUKU: MATUMIZI YA NYUMBANI KATIKA UWANDA WA UFIPA

Mfanyakazi wa Serikali hupokea mshahara mara 12 kwa mwaka. Akikosea hesabu ya mwezi mmoja huona taabu kwa wiki mbili tatu, kisha mshahara mwengine huingia. Mkulima wa Ufipa, katika Mkoa wa Rukwa, hupokea wake mara moja tu, nao huja kwa magunia. Akikosea mwezi wa Julai, kosa hilo hukaa naye mpaka Juni ya mwaka unaofuata. Kwa sababu hiyo namna wakaazi wa huko wanavyopanga matumizi inafaa kuangaliwa kwa makini hata na wananchi wa Visiwani, ambao ghala lao ni bahasha ya mshahara au mauzo ya karafuu na mwani.

Ufipa ni uwanda ulioinuka, wenye baridi, uliopo baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Mji wake mkuu ni Sumbawanga, na Izia ni mojawapo ya kata za Manispaa hiyo. Mvua hunyesha msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mahindi makavu huvunwa katikati ya mwaka. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa mahindi Tanzania, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala yake Sumbawanga. Mtu wa mbali angedhani kwamba palipo na mahindi mengi namna hiyo hapana nyumba inayokosa unga. Dhana hiyo si sahihi, na hesabu ifuatayo inaonyesha sababu yake.

Tuchukue nyumba ya watu sita inayokula kilo mbili na nusu za mahindi kwa siku. Kwa wiki ni kilo 17 na nusu, takriban debe moja. Kwa siku 365 ni kilo 912 na nusu, yaani magunia tisa ya kilo 100 na kilo chache juu yake. Ikiongezwa sehemu ya wageni, ya misiba na ya kuharibika, haipungui magunia 11. Basi nyumba hiyo ikivuna magunia 20, haina magunia 20 ya kuuza. Ina tisa.

Lakini Julai ni mwezi wa vishawishi. Wafanyabiashara hufika na malori, madeni ya mbolea hudaiwa, na harusi nyingi hupangwa wakati huo kwa kuwa kila mtu anajua kwamba jirani yake ana kitu. Tuseme mwenye nyumba anauza magunia 16 na kubakisha manne. Kilo 400 zinatosha siku 160. Zikianza kuliwa tarehe 1 Julai zinamalizika tarehe 7 Disemba, wakati shamba linalimwa na kupandwa na watu wa nyumba wanahitaji kula zaidi kuliko miezi yote. Zimebaki siku 205, ambazo zinataka kilo 512 na nusu za kununua. Ikiwa kwa mfano aliuza kilo kwa shilingi 400 na sasa anainunua kwa 800, mahindi yaleyale yaliyompa shilingi 205,000 yanamgharimu 410,000. Hapo ndipo wengine huuza mazao yakiwa bado mabichi shambani, kwa bei anayoitaja mnunuzi, na mavuno yajayo huanza kuliwa kabla hayajakomaa. Asiyekuwa na la kuuza huenda kwa wakopeshaji wa mikopo ambayo watu wameipa jina la "kausha damu". Jina hilo halihitaji sherehe.

Hivyo jambo la kwanza katika bajeti ya nyumba ya mkulima ni kutenga chakula kabla ya kuhesabu fedha. Magunia ya kula huwekwa upande wake, na ni vyema yahesabiwe mbele ya mume, mke na watoto wakubwa, ili asiwepo wa kuyapunguza kwa siri. Huandikwa pia tarehe kila gunia linapofunguliwa. Gunia la kilo 100 kwa nyumba ya mfano wetu ni la siku 40. Likimalizika siku ya 30, pana jambo la kuulizana. Uhifadhi nao una gharama yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipoonekana Tabora mdudu aitwaye dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati, mahindi ya kuweka bila ya dawa au bila ya mifuko isiyopitisha hewa yamekuwa ni mahindi ya kumwekea mdudu.

Jambo la pili ni daftari. Mwenye kutaka kujua fedha zake zinakwenda wapi na aandike kila anachotoa kwa siku 30, hata kama ni shilingi 200 ya kiberiti, bila ya kujizuia na bila ya kujilaumu. Mwisho wa mwezi matumizi hupangwa kwa mafungu: chakula, mkaa na kuni, maradhi, skuli, nauli, vocha ya simu, michango. Katika nyumba nyingi za mjini fungu la michango ndilo linaloshangaza. Mchango wa msiba hauna ubishi. Wa harusi una kiwango, kamati, na hata kadi ya mchango inayotumwa kwa simu, na mtu hukopa ili asionekane mnyonge. Kuandika kima cha mwaka mzima na kutokivuka si ubahili. Mbahili huwanyima watu anacho; huyu anakataa kutoa asichokuwa nacho. Israfu ni jambo jengine kabisa, na kila nyumba inaijua yake daftari likishafunguliwa.

Hata hivyo, daftari peke yake halizuii maradhi ya usiku wala kifo. Nyumba iliyotenga magunia 11 kwa nia njema hulazimika kuuza matatu mtoto akilazwa hospitali. Hapa ndipo jirani anapohitajika, na Wafipa si wageni wa jambo hilo. Kilimo chao cha asili cha matuta, ambamo nyasi hufukiwa chini ya udongo wakati wa mvua ili zioze na kurutubisha zao la msimu unaofuata, kilitaka mikono mingi kwa siku chache, na watu walikuwa wakiitana kulimiana.

Siku hizi mwito huo umepata sura ya sanduku. Utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifika Unguja, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani. Huko Bara umeenea kwa jina la VICOBA na majina mengine. Wanachama 15 hadi 30 hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa kuanzia moja hadi tano kwa bei waliyoipanga wenyewe. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu ambao si yule anayeliweka nyumbani kwake. Fedha hukopeshwa wanachama kwa riba ndogo, nayo hurudi kwao wakati wa kugawana.

Fungu linalookoa magunia, hata hivyo, ni lile la mfuko wa jamii. Kila mkutano mwanachama hutia kiasi kidogo kisichohesabiwa kuwa hisa, na fedha hizo hutolewa kwa mgonjwa au mfiwa bila ya riba, pengine bila ya kurejeshwa. Vikundi vingine huudharau mfuko huu kwa kuwa hauzai. Ni kosa. Kikundi kisichokuwa nao humpa mfiwa mkopo, na mkopo wa msiba hulipwa kwa mahindi.

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe kupitia halmashauri. Kikundi kilichosajiliwa kina mahali pa kupeleka malalamiko mweka hazina akikimbia. Aidha, wanawake, vijana na watu wenye ulemavu waliojiunga katika vikundi wanaweza kuomba mikopo isiyo na riba itokayo katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu.

Linabaki suala la siku ya kugawana. Vikundi vingi hupenda kufungua sanduku karibu na sikukuu. Kwa mkulima wa Ufipa hesabu inaelekeza kwengine. Akigawiwa Julai, fedha za sanduku hukutana na fedha za mavuno na zote hutoka pamoja. Akigawiwa mwishoni mwa Oktoba, zinamkuta akihitaji mbegu na mbolea, na salio lake linasubiri sare na madaftari ya Januari. Kwani ada ya skuli za Serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare na madaftari bado hununuliwa na mzazi. Magunia ya kula, kwa mpango huo, yanabaki palepale yalipowekwa.