Tabora, Njia Panda ya Magharibi

Ukiteremka garimoshi Tabora hutaona mlima mrefu wala mto mkubwa. Utaona nyanda zilizoinuka yapata mita 1,200 juu ya bahari, zimezungukwa na miombo. Kwa nini basi mji ulikua hapa? Jibu ni njia.

Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe, kisha ikagawanyika: mingine Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, waliobeba pembe na vitambaa kwa ujira. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa. Waarabu, Waswahili na Wamanyema walilowea hapa, na Kiswahili kikaitangulia reli, iliyofika mwaka 1912. Kutoka Tabora reli nayo ikagawanyika, kwenda Kigoma na Mwanza.

Leo miombo hiyo hutupa asali na mninga, lakini pia hukatwa kwa kuni za kukaushia tumbaku. Tusipopanda tunapokata, wajukuu watarithi njia isiyo na kivuli. Wasimulie wanao habari za waliobeba mizigo ile. Kisha wafundishe kupanda mti.