Ndai ya Sports Haina Spea? Hivi Ndivyo Unatoka Kwa Pancha

Ndai za sports kama Mazda MX-5 huja bila spea. Buti ni ndogo, na uzito ni adui wa spidi. Sasa pancha ikikushika usiku Southern Bypass, utado?

Usikanyage breki ghafla. Shika usukani fiti, punguza mwendo, toka barabarani, washa hazadi.

Kama uko na Nissan GT-R, tulia. Hiyo ilitoka kiwandani na ranfleti, tairi zenye kuta ngumu. Ranfleti nyingi zitakubeba kama kilomita 80, bila kupita spidi ya 80.

Wengine, cheki buti. Kuna chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Msumari usiutoe! Tikisa chupa, ingiza gundi kwa valvu, jaza upepo, enda kilomita chache polepole, kisha pima presha tena. Ikiwa imeshuka sana, simama hapo.

Tairi ikipasuka ubavuni, gundi haisaidii. Itisha lori la kubeba gari, la sivyo utaua rimu, na hiyo ni doh mob.

Na buda, soma tarehe ya hiyo chupa leo. Gundi pia hu-expire.