Uanachama wa kimataifa si kibali cha Serikali



Kila mwaka, matokeo ya diplome d'État yakitoka, wazazi katika makanisa yetu huanza kutafuta chuo kikuu. Wengine huuza ng'ombe au shamba ili wapate minerval. Kwenye matangazo ya vyuo wanasoma: «Mwanachama wa muungano wa kimataifa». Je, maneno hayo yanatosha kumkabidhi mtoto? Tuchukue mfano mmoja.

Muungano wa Kimataifa wa Vyuo Vikuu, ambao kwa Kifaransa huitwa AIU, ulianzishwa mwaka 1950 kwa msaada wa UNESCO, na ofisi yake iko Paris. Chuo kinachotaka kuingia kinapaswa kuwa kimeandikwa katika orodha yake ya dunia nzima, iitwayo WHED. Masharti makubwa ni matatu:

1. Chuo kiwe kimetambuliwa na mamlaka ya nchi yake. Kwetu Kongo, hiyo ni wizara ya masomo ya juu, ESU.

2. Kitoe masomo ya kiwango cha juu: diploma inayofuata licence, kama vile master, au diploma ya kazi ya miaka minne na zaidi.

3. Kiwe kimekwisha kutoa wahitimu wa promosheni tatu. Chuo kilichofunguliwa jana kitangoja.

Tuangalie utaratibu huu vizuri. Serikali inatangulia, muungano unafuata. AIU haitoi kibali cha kufundisha, wala haithibitishi ubora wa chuo. Mtoto akimaliza kwenye chuo kisichotambuliwa, karatasi yake inaweza kukataliwa akitafuta kazi ya Serikali au akitaka kuendelea na masomo mahali pengine. Miaka imepita, na shamba haliko tena.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kulipa uliza kwa heshima: arrêté au décret ya chuo ina namba gani, na ni ya tarehe gani? Je, filière ambayo mtoto anataka imo ndani yake? Promosheni ngapi zimekwisha kumaliza? Kisha mwombe kijana mwenye simu atafute jina la chuo katika WHED. Kutafuta humo hakulipishwi. Chuo chema hakichukii maswali.

Neno hili linatuhusu pia sisi viongozi. Waprotestanti walifungua Université Libre du Congo mwaka 1963 kule Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Leo makanisa ya mashariki yana vyuo kama ULPGL ya Goma na UEA ya Bukavu. Jumuiya inayotamani kufungua chuo kingine ikumbuke mfano wa Bwana Yesu juu ya mtu anayejenga mnara: huketi kwanza, akahesabu gharama. Tutafute kibali na walimu kwanza, ndipo tuwaite wanafunzi. Watoto wa watu wasiwe ndio wanaolipa haraka yetu.

Bwana awape hekima.